Wiki Yangu ya Unyenyekevu

Ijumaa, tarehe 27 Septemba

Mkaguzi anakuja. Mwalimu Mkuu, Bi. Hathersage, ametutangazia wakati wa chai, biskuti bado iko mkononi. Dayosisi inamtuma Alhamisi ijayo aangalie kama shule ya kanisa ya Haddersby bado ni shule ya kanisa. Ataangalia mengi, lakini kubwa ni ibada ya asubuhi. Chumba cha walimu kizima kikaacha kutafuna.

Kisha likaja la pili. Naibu wake, Bi. Loxley, anahamia Wales Krismasi. Nafasi iko wazi. Hathersage anataka mtu wa humuhumu ndani. Ataangalia nani anajitokeza siku ya ukaguzi, na Ijumaa atatuambia. Akaniangalia mimi. Au aliangalia saa ya ukutani, ambayo iko juu ya kichwa changu. Nachukulia ni mimi.

Mimi, Rodney Ormerod, nipo Darasa la Nne tangu enzi za chaki. Manaibu wamepita mbele yangu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nimemchangia kadi ya kumkaribisha. Safari hii sikubali.

Tatizo ni Philippa Akehurst wa Darasa la Pili. Ana gitaa. Watoto wanampenda, wazazi wanampenda, wapishi wanamwekea kipande cha pembeni cha pai. Na alipofika hapa mara ya kwanza ni mimi niliyemwonyesha mashine ya fotokopi inawashwa wapi! Leo ameniuliza kwa upole kama ningependa tuandae ibada ya mkaguzi pamoja. Nikamwambia nitafikiria. Sitafikiria.

Kikwazo kimoja. Jumatatu ibada ni yangu, Jumatano ni ya Akehurst, lakini Alhamisi ni ya Kasisi Tansley, ambaye kila mada huimalizia kwenye treni za mvuke. Lazima Alhamisi itoke kwa Kasisi ije kwangu.

Jumapili, tarehe 29 Septemba

Kazi imekwisha. Nilimvizia Kasisi mlangoni mwa kanisa, anaposhikana mikono na waumini. Nikamvisha kilemba cha ukoka: mahubiri yalinigusa, hasa pale kwenye behewa la mwisho. Nikamwomba Alhamisi. Hata sijamaliza sentensi, akasema bila shaka, Rodney, bila shaka. Nikamwomba pia ule mshumaa mkubwa wa Pasaka uliolala sakristia bila kazi. Bila shaka. Mtu mwema sana, hana ubishi.

Mchana nikaenda kwa Mama kwenye nyumba ya wazee. Nyama ya kuokwa, viazi, mchuzi mwepesi. Kila Jumapili Mama huniuliza swali lilelile, na leo ameliuliza mezani mbele ya Bi. Prewett, ambaye mwanawe ni daktari wa meno na haachi kutukumbusha. Mama akasema, "Na wewe, mwanangu, bado ni mwalimu tu?" Bi. Prewett akanitazama kwa huruma, huku anakata karoti.

Nikamwambia Mama tayari. Nimeshakuwa naibu.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe. Mama akaweka uma chini, akalia. Sijamwona akilia tangu tumzike Baba. Akamwambia Bi. Prewett, kisha mhudumu, kisha bwana mmoja kiziwi wa meza ya pili, ambaye ilibidi aambiwe upya kwa sauti. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kisha akasema ataniona kazini Ijumaa. Nikauliza Ijumaa gani. Ijumaa hii, akasema, Ibada ya Mavuno, si gari la wazee hutuleta kila mwaka na makopo yetu ya sadaka?

Nilikuwa nimesahau kabisa. Basi unaibu uwe wangu kabla Mama hajateremka kwenye gari. Lakini hakuna shaka. Alhamisi ni yangu.

Jumatatu, tarehe 30 Septemba

Ibada yangu ya kawaida. Mada ya muhula huu ni Unyenyekevu, imeandikwa ukutani ukumbini kwa herufi za karatasi ya dhahabu. Herufi hizo nilizikata mimi, jambo ambalo niliwakumbusha watoto mwanzoni na tena mwishoni. Ukumbi ulinuka mchuzi na soksi kama kawaida. Darasa la Kwanza walinisikiliza vizuri, isipokuwa waliolala.

Wakati wa chakula nikaita Baraza la Ibada. Ni watoto watano wenye beji, na mkaguzi lazima awahoji peke yao. Hapo ndipo wenzangu hawafikirii mbali. Mwenyekiti ni Ottilie Brackenbury wa Darasa la Sita, mtoto wa miwani, anayeuliza maswali kama mwanasheria. Niliwafundisha sentensi moja tu, fupi: "Bwana Ormerod ndiye mtu mnyenyekevu kuliko wote shuleni."

Ottilie akauliza kama Bwana Ormerod mwenyewe analijua hilo. Nikasema analijua, ila hapendi kulizungumzia. Akauliza sasa mbona analizungumzia. Nikamwambia akariri.

Wamekariri vizuri. Mpaka mlio wa kengele walikuwa wanaisema kwa pamoja, kwa mdundo.

Jumanne, tarehe 1 Oktoba

Msiba. Chumba cha walimu, Akehurst anamweleza Bi. Loxley mpango wake. Darasa la Pili watavua viatu mbele ya mkaguzi, na yeye atawaosha miguu, mmoja baada ya mwingine, kama Yesu na wanafunzi wake. Maji ya uvuguvugu. Taulo. Wimbo wa polepole. Bi. Loxley akapangusa macho.

Wazo lile lilikuwa langu. Yaani lingekuwa langu, ningepewa siku mbili zaidi.

Nikauliza, kwa utulivu, ni lini hasa. Akasema Alhamisi. Kasisi alimpa Alhamisi siku ya Jumamosi, walipokutana dukani kwenye jibini. Kisha akafurahi, akasema, "Kumbe na wewe amekupa? Basi tutakuwa pamoja, Rodney. Si nilikuambia?"

Nilikimbia hadi nyumbani kwa Kasisi bila koti. Alinifungulia akiwa na gundi vidoleni, anaunganisha kichwa cha treni. Ndiyo, amempa Philippa. Ndiyo, amenipa mimi. Aliona itapendeza. Na yeye mwenyewe atakuja pia, maana ameshaandaa kitu. Nikamuuliza kama katika maisha yake amewahi kumwambia mtu hapana. Akafikiri sana. Akasema hakumbuki.

Nikarudi shuleni nikachukua hatua. Beseni kubwa la bluu, lile pekee lenye ukubwa wa miguu, sasa liko stoo ya michezo nyuma ya magodoro. Alasiri Akehurst aliniuliza kama nimeliona. Nikamwambia ajaribu Darasa la Kwanza. Akanishukuru. Huyu mwanamke hana hata chembe ya mashaka, inakera.

Jumatano, tarehe 2 Oktoba

Ibada ya Akehurst. Watoto waliimba mpaka wapishi wakatoka jikoni na mitandio yao ya nywele wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mguu wangu wa kulia ulianza kugonga sakafu, nikaukanyaga kwa wa kushoto.

Lakini nina mshumaa. Tangu mwezi wa tatu tunatumia mshumaa wa betri, kadude ka plastiki kenye kitufe chini, kwa sababu kengele ya moto ililia katikati ya ibada yangu. Hathersage alilaumu mshumaa. Mimi nashikilia hadi leo kwamba ulikuwa mkate wa Bi. Loxley kwenye mashine ya kuchomea. Mkaguzi wa dayosisi hawezi kuona uso wa Mungu kwenye betri.

Leo watoto walipoondoka nikafanya majaribio. Mshumaa wa Pasaka ni mrefu kama mtoto wa Darasa la Kwanza, na utambi wake ni mnene kama kidole gumba. Nikauwasha ukumbini, chini kabisa ya kile kidude cha kunusa moshi kilichoko darini. Nikasubiri. Kimya. Nikaufunika kwa kifuniko cha sufuria, ukazimika kistaarabu. Kimya bado. Kwa hiyo ulikuwa mkate. Nimefurahi kuthibitisha.

Mama alipiga simu. Amenunua kofia.

Alhamisi, tarehe 3 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu, maana najua wengine watasimulia vingine.

Mvua tangu asubuhi. Mkaguzi, Bwana Gathercole, alifika kwa baiskeli, mtu mwembamba, suruali imebanwa vifundoni. Hakutaka kiti. Akaketi benchi la nyuma na Darasa la Sita, akanyoosha miguu kidogo ili magoti yasimfike kidevuni.

Mbele tukasimama watatu. Mimi na mshumaa. Akehurst na gitaa, taulo, na bakuli kubwa la saladi kutoka jikoni, limejaa maji. Kasisi na picha ya treni kwenye ubao. Bi. Hathersage akatutazama mmoja mmoja, halafu akatutazama tena, kama mtu aliyeagiza chai moja akaletewa tatu.

Nikauwasha mshumaa. Watoto wakasema "Aaa." Akehurst akaninong'oneza kwamba wa betri huu hapa, ameuleta. Nikamnong'oneza kwamba mitume hawakuwa na betri. Hapo Kasisi, ambaye kwa miaka yote huzima mshumaa mwisho wa ibada, akaona moto na watu wananong'ona, akadhani tumemaliza. Akauzima kwa pumzi moja. Nikauwasha tena. Akehurst akaanza wimbo, Darasa la Pili wakavua viatu na soksi, wakavipanga kwa mistari mizuri. Kasisi akasema samahani, samahani, kumbe bado, ila huu mshumaa unanitisha, Rodney. Akauzima tena.

Utambi mnene ukipulizwa hutoa moshi. Ukifunikwa hautoi. Hilo halikunijia jana. Moshi ulipanda mweusi, umenyooka, hauna haraka, ukaingia kwenye kidude cha darini kama umealikwa.

Kengele.

Watoto wetu kwa kengele hawana mfano. Hakuna kukimbia, hakuna kusema, hakuna kurudi kuchukua kitu chochote. Kila darasa mlango wake, kisha mistari uwanjani, majina yanaitwa. Ndiyo maana Darasa la Pili lote lilisimama kwenye lami, ndani ya mvua, miguu mitupu. Viatu vyao vilibaki ukumbini kwa mistari mizuri.

Mimi niliokoa mshumaa. Ni mali ya kanisa. Niliufunika kwa koti langu, maana unaharibika ukilowa. Hakuna aliyenishukuru.

Mtoto mmoja, Tabitha, akaanza kulia kwamba vidole havipo tena. Akehurst alikuwa anamwinua mwingine. Ndipo Ottilie Brackenbury akatoka kwenye mstari wake, jambo ambalo ni kosa. Akapiga magoti kwenye dimbwi mbele ya Tabitha, akavua sweta lake la shule, akamfuta mguu mmoja, akamfuta wa pili, akamvalisha viatu vyake mwenyewe. Akabaki na soksi. Nikafungua kinywa nimwambie arudi mstarini. Lakini mvulana aliyekuwa nyuma yake naye akapiga magoti. Kisha Darasa la Sita wote wakawa chini, kila mmoja ameshika miguu ya mtoto mdogo, wanafuta kwa masweta, wanaipulizia pumzi. Hawakuambiwa na mtu. Bi. Hathersage akampa mwavuli mtoto akabaki bila. Bwana Gathercole akavua koti lake na viatu vyake vyote viwili.

Wazima moto wakaingia getini wakasimama palepale, hawakujua wapite wapi.

Ottilie, bado yuko magotini, akasema "Bwana awe nanyi." Uwanja mzima ukajibu, "Awe nawe pia." Hakuna aliyewaongoza. Tabitha akaombea wazima moto wapewe biskuti. Amina. Kisha wakakaa kimya, kama wanavyokaa kila siku mwisho wa ibada, ila leo ilisikika mvua tu.

Nikajikuta nimeinamisha kichwa. Baridi, nadhani.

Bwana Gathercole akanitazama, nimesimama peke yangu na mshumaa. Nikasogea kidogo ili auone vizuri.

Mchana akaongea na Baraza la Ibada maktabani. Nilikuwa napita. Nilipita kwa muda mrefu. Aliwauliza nani amewafundisha jambo lile la uwanjani. Ottilie akasema hakuna, miguu yao ilikuwa na baridi. Nikauma midomo. Halafu akakumbuka, akawapa wenzake ishara, na wote watano wakasema kwa mdundo, "Bwana Ormerod ndiye mtu mnyenyekevu kuliko wote shuleni." Bwana Gathercole akauliza wameyajuaje hayo. Ottilie akasema, "Ametuambia mwenyewe Jumatatu. Akatuambia tukariri."

Mkaguzi akakohoa kwa muda mrefu.

Jioni nimepiga hesabu kwa utulivu. Bila kengele, watoto wasingetoka. Bila kutoka, wasingelowa. Bila kulowa, hakuna magoti, hakuna masweta, hakuna mkaguzi aliyevua viatu. Na kengele ni ya nani? Ibada ile ni yangu. Hathersage ni mtu wa akili, atayaona haya.

Ijumaa, tarehe 4 Oktoba

Hathersage hakuyaona.

Aliniita ofisini kabla ya watoto kuingia. Mkaguzi amesema hajashuhudia ibada kama ile tangu aanze kazi. Nikasema asante. Hathersage akanitazama kidogo, akaendelea. Naibu ni Philippa. Atawaambia watoto mwanzoni mwa Ibada ya Mavuno. Mshumaa wa Pasaka unarudi kanisani leo hii. Kuanzia sasa ni wa betri tu, na nitautunza mimi.

"Kazi ya kuuwasha ni yako, Rodney," akasema. "Kitufe kiko chini."

Nikauliza kama kazi hiyo ina cheo. Akasema hapana.

Ukumbi ulijaa makopo ya maharage, maboga, tufaha, na ule mkate mkubwa uliofumwa kama mganda wa ngano. Hathersage akatangaza. Watoto wakashangilia mpaka kopo moja likaviringika. Akehurst akaona haya, akatazama viatu vyake. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa wakaingia wazee, wamechelewa kwa sababu ya trekta barabarani, na Mama mbele kwenye kiti cha magurudumu, kofia ya bluu, makopo mawili ya pichi mapajani. Nilikuwa nyuma ya maboga. Nilibaki nyuma ya maboga.

Mama hakunitafuta. Alijisukuma moja kwa moja hadi kwa Hathersage, akamshika mkono. Ana sauti ya watu wanaoongea na viziwi kila siku. Akasema, "Asante mwalimu kwa kumfanya mwanangu naibu. Baba yake hakuwahi kuiona siku hii, lakini mimi nimeiona."

Ukumbi ukageuka kumtazama. Shule nzima. Hathersage akamtazama Akehurst. Mimi nilitazama boga. Kwenye benchi la nyuma nikasikia Ottilie Brackenbury anavuta pumzi ya kusahihisha.

Sijawahi kuogopa vile. Si kwa ajili ya cheo. Kwa ajili ya ile kofia.

Akehurst alifika kwanza. Alipita kwa Ottilie, akamwekea mkono begani, kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama na kupokea makopo yale kwa mikono miwili. Akasema, "Mama, mwanao ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza hapa. Nilikuwa sijui hata mashine inawashwa wapi. Njoo ukae mbele, kuna nafasi yako." Akamsukuma hadi mbele, kwenye nafasi ya naibu, akanitoa nyuma ya maboga kwa kunishika kiwiko, akaniketisha kando ya Mama. Yeye akaenda kukaa sakafuni na Darasa la Pili. Hakuna mtoto aliyesema neno. Hata Ottilie.

Mama alinishika mkono ibada nzima. Nilipopewa ishara nikabonyeza kitufe. Akaninong'oneza kwamba mshumaa unawaka vizuri, hauchuruziki.

Sasa ni jioni na nimekuwa nikimfikiria Akehurst. Mtu ameshashinda. Nafasi ni yake, shule nzima imeshangilia. Kwa nini aniokoe? Hakuna mtu anayemwachia mwenzake kiti bure. Anajikosha. Anataka nimwone mwema, nilegee, niache kumchunguza. Ni mpango wa muda mrefu, na nakiri ni mzuri. Nitakuwa macho. Kwanza nirudishe beseni kabla Darasa la Tatu hawajatumia magodoro. Pili, juzi nilimwona Hathersage anatazama picha za nyumba ndogo za Cornwall kando ya bahari. Mwalimu Mkuu hatazami picha kama zile kama hana nia ya kustaafu.

Maana nilipomsaidia Mama kupanda gari la wazee, alitaka kujua jambo moja. Unaibu ameuona kwa macho yake, Mungu ashukuriwe. Sasa ualimu mkuu ni lini? Bi. Prewett alikuwa kiti cha jirani, dirisha wazi, anajifanya anafunga mkanda.

Nikamwambia Pasaka.